Shamba la Mama na Kilicho Chini Yake

Mama alinipigia simu asubuhi nikiwa nimemsimamisha mteja mbele ya kioo, pini ziko mdomoni, namrekebishia mabega ya gauni. Mama yangu si mtu wa kupiga simu asubuhi. Asubuhi kwake ni ya jembe, simu ni ya jioni akishakula na kuketi. Nikazitema pini kiganjani, nikapokea.

"Gwe mwanangu," alisema, kana kwamba mimi mwenyewe sina wajukuu, "kuna watu wameweka bikoni shambani."

"Bikoni gani, mama?"

"Hizi nguzo za mpaka, za saruji. Moja iko kule juu kwenye mawe, nyingine hapa nyuma ya kaburi la baba yako. Nimewauliza nani amewatuma, wanasema mwenye leseni."

Lile gauni nililimalizia vibaya. Mteja aliona bega moja limekaa upande, akanitazama usoni, akaamua kulipokea hivyohivyo. Mimi nikishakasirika hata cherehani hunikimbia. Mume wangu, ambaye ni Mhehe mpole wa kuudhi, alinikuta nafungasha begi na kuniuliza naenda kumpiga nani. Nikamwambia bado sijamjua, nikifika nitamjua.

Naishi Iringa tangu niolewe, lakini nimezaliwa upande wa Chunya. Baba alihama Rungwe akiwa kijana, akaenda kufuata tumbaku, akafyeka pori, akajenga nyumba na mabani ya kukaushia, akatuzaa huko. Kutoka Iringa ni safari ya kutwa nzima: Mafinga, Makambako, unaiona Usangu imelala kulia kwako, unaingia Mbeya, kisha unaupanda mlima wenye ukungu na baridi ya kuuma meno, na ukishauvuka tu unateremkia kwenye joto na vumbi jekundu. Wengine hulala njiani. Mimi nilikuwa nabadilisha upande wa kukalia kila mara, hadi mama mmoja jirani yangu akaniuliza kama ninaumwa.

Sikuwa naumwa. Nilikuwa nafikiria bikoni iliyo nyuma ya kaburi.

Inabidi nieleze habari ya hilo kaburi, maana kila kitu kilianzia hapo. Baba alipofariki alizikwa shambani, hatua chache kutoka mlangoni, alivyotaka mwenyewe. Siku hizi watu hujengea makaburi saruji na vigae, wengine wanaweka hadi geti. Mama alikataa. Alisema saruji itamkaba. Akataka mawe meupe, yale yaliyotapakaa kwenye kilima cha juu ya shamba, yanayong'aa jua likiyapiga. Tukayasomba kwa toroli, wengine kichwani, na mama akaketi na beseni na brashi ya viatu, akayaosha moja moja kwa sabuni kabla ya kuyapanga. Majirani walicheka mwanzoni. Baadaye wakawa wanaleta wageni wao kuliangalia, lilikuwa kaburi zuri.

Sasa hebu fikiri. Chunya! Pale ambapo hata mtoto wa chekechea anajua kwamba jiwe jeupe lenye michirizi ya rangi ya kutu ndilo lenye dhahabu, ndilo watu wanalolifuata ardhini kwa kamba na tochi. Sisi tulilibeba kichwani, tukaliosha kwa sabuni, tukampangia marehemu. Na hakuna hata mmoja wetu aliyeliona.

Watu wananiuliza iliwezekanaje. Iliwezekana kwa sababu sisi tulikuwa watu wa tumbaku. Watu wa tumbaku wa kizazi cha baba walikuwa wanawadharau wachimbaji. Mchimbaji kwao alikuwa mtu wa kupita tu: leo ana redio mpya, kesho anaomba unga. Baba alikuwa haruhusu hata sururu yao iegemezwe kwenye ukuta wetu. Mchimbaji akiomba maji, alipewa, akayanywea nje ya ua. Tukakua hivyo, tunaliangalia lile jiwe tunaona jiwe, kwa sababu dhahabu ilikuwa mambo ya wale wengine.

Aliyeliona ni mdogo wangu wa kiume, tumbaku ilipomchosha akaanza kushinda kwenye karasha, ile mashine ya kusagia mawe. Siku moja alichukua jiwe upande wa miguu ya baba, akalitwanga, akalioshea kwenye karai. Alinisimulia mwenyewe, bila haya yoyote.

"Dada, nakwambia mzee amelala juu ya mchongo. Jiwe moja tu! Nikaona inang'aa mle ndani ya karai, nikakaa chini."

"Ulichukua jiwe la kaburini?"

"Nililiazima."

Ningekuwa karibu ningemzaba kibao. Lakini hata mimi, naomba nisijifanye malaika, usiku ule niliota nimefungua duka la vitambaa pale Mbeya mjini.

Mdogo wangu hakukurupuka kuchimba. Aliona afanye mambo kisheria, na hapo ndipo tulipojikwaa ukoo mzima. Alikimbilia hati. Hati ya kimila ya kumiliki ardhi, yenye picha ya mama, mhuri wa kijiji na saini za majirani wa mipaka yote. Aliifuatilia kwa miguu na kwa pikipiki, akaamka alfajiri, akawabembeleza wajumbe, hadi ikatoka. Ilipotoka alichinja mbuzi. Nilichangia kreti za soda kutoka huku Iringa. Mama akaiweka hati kwenye sanduku, katikati ya vitenge vyake vya harusi, na mdogo wangu akasimama mbele ya wageni na mfupa wa mbuzi mkononi akitangaza kwamba kuanzia siku hiyo kilicho kwenye lile shamba, juu na chini, ni cha mama yetu, na mwenye kubisha aje.

Wageni walipiga makofi. Na wageni wana midomo. Habari za kilichosherehekewa zikasafiri na pikipiki, zikavuka mlima, zikafika Mbeya. Huko kulikuwa na mfanyabiashara mmoja anayejua anachokifanya. Yeye hakuhangaika na hati. Alichukua namba za eneo, akaomba leseni ndogo ya uchimbaji kwenye kompyuta, akaipata. Sisi tulikimbilia karatasi ya udongo, mwenzetu akakimbilia karatasi ya kilicho ndani ya udongo. Hakuiba, hakughushi, hakumhonga mtu. Hicho ndicho kilichoniuma zaidi, kwamba nilitoka Iringa natafuta mwizi na mwizi hakuwepo.

Siku ya pili baada ya kufika kwa mama, mimi na mdogo wangu tulikwenda ofisi ya madini. Tulipokelewa na binti mdogo tu, nguo zake zimenyooshwa vizuri, anaongea taratibu. Aliisoma hati yetu yote, mbele na nyuma, jambo ambalo sisi wenyewe hatukuwa tumelifanya.

"Mama, hati yenu ni halali kabisa," aliniambia. "Lakini hii inahusu matumizi ya ardhi. Kulima, kujenga, kufuga. Madini ni kitu kingine. Madini yote, yawe juu ya ardhi au chini, ni mali ya Jamhuri. Anayetaka kuchimba anaomba leseni. Huyu aliomba."

"Sisi ndio tuliyaona kwanza," nilisema.

"Mkaja kuomba leseni?"

Mdogo wangu akaangalia dari.

"Tulichinja mbuzi," nikasema.

Nilisema kwa hasira, wallahi, lakini yule binti alicheka, na mdogo wangu akacheka, na mimi nikajikuta nacheka nao huku nimekasirika, hali ambayo siitamani tena. Nikajikaza, nikamuuliza swali nililokuwa nimelibeba tangu Makambako.

"Basi niambie mama yangu anamiliki nini pale."

"Maendelezo," alisema. "Nyumba, miti, mazao, mabani. Hata ardhi yenyewe kisheria ni ya umma, iko chini ya Rais kwa niaba yetu sote. Nyie mna haki ya kuitumia, na haki hiyo haichezewi. Mwenye leseni hawezi kuingia tu. Lazima mkubaliane, na akiharibu anafidia."

"Na kaburi? Kaburi nalo ni maendelezo?"

Hapo aliacha kupekua makaratasi.

"Hapana, mama. Makaburi yana ulinzi wake. Haruhusiwi kuchimba penye makaburi wala karibu na nyumba bila ridhaa yenu ya maandishi. Mkikubali kulihamisha, kuna utaratibu na fidia yake. Mkikataa, mnalitenga kwenye makubaliano. Mkishindwana mnakuja hapa, tunakaa mezani."

Nilitoka pale nikiwa na neno "ridhaa" kama kokoto kwenye kiatu. Kwa hiyo kumbe kulikuwa na kitu kimoja ambacho Jamhuri yenyewe lazima ituombe. Mdogo wangu alilisikia neno hilohilo lakini kwake lilikuwa na sauti nyingine. Kabla hatujafika barabarani alikuwa ameshaanza kueleza jinsi ridhaa inavyokuwa na bei.

Miezi iliyofuata sikutulia. Nilikuwa Iringa mwili tu. Nilishona sare za shule nikazikosea mifuko. Nilisoma sheria kwenye simu, kifungu kwa kifungu, mvuke wa chai ukinipanda kwenye miwani, na kila nikisoma hasira ilipanda ikashuka ikapanda tena. Maana ukweli ni kwamba ingekuwa dhahabu iko chini ya shamba la jirani, ningeiona sheria ina akili. Ningesema kwa nini mtu mmoja atajirike kwa bahati ya babu yake kufyeka pori hapa badala ya pale, wakati zahanati haina dawa? Ningesema hivyo kwa sauti kubwa, sokoni, na wenzangu wangeniunga mkono. Tatizo ni kwamba jirani alikuwa mama yangu. Mume wangu aliniambia nimekuwa wakili wa vitambaa. Nikamnunia hadi Jumapili.

Nilikuwa nakwenda Chunya, narudi, nakwenda tena. Nikiwa Chunya nilikuwa nazunguka shambani bila kazi, natoka kwenye bikoni hii naenda ile, kama mbuzi aliyefungwa kamba. Mama ananiambia nikae. Nakaa, nasimama. Nilipomuuliza yeye anataka nini hasa, alikuwa akimenya karanga, hakuinua hata macho.

"Nataka nife hapa, nizikwe pale ubavuni kwake. Kaka zangu kule Rungwe wameshanitengea sehemu kwenye migomba, nimewaambia ndaga fijo, asanteni sana, lakini hapana. Nimelala na huyu mtu maisha yangu yote. Sitaki kwenda kulala na migomba."

"Tu?"

"Tu. Hiyo dhahabu inanihusu nini? Meno yangu yenyewe yamebaki haya."

Mwenye leseni alikuja mwenyewe mara mavuno yalipokwisha. Nilikuwa nimejiandaa kumwonyesha mimi ni nani. Nilitegemea bwana mkubwa wa miwani ya jua. Akashuka mzee mmoja mwembamba, kofia ya kushonwa kwa mkono kichwani, kanzu imeingia vumbi hadi magotini, Mwislamu wa pale Mbeya mjini ambaye babu zake walipanda kutoka pwani na mizigo ya biashara. Aliacha viatu mlangoni. Alimletea mama mchele wa Mbarali na sukari. Alimwamkia mama shikamoo, japo nadhani walikuwa wanakaribiana umri, kisha akatoka nje akasimama mbele ya kaburi la baba, akainua viganja, akamwombea kimoyomoyo. Ni vigumu sana kumtukana mtu aliyetoka kumwombea baba yako.

Tulikaa kikao palepale uani. Mama, mdogo wangu, mimi, yule mzee, na mwenyekiti wa kijiji kama shahidi. Mzee alieleza bila kuzunguka. Kwa desturi ya machimbo, mwenye shamba anapata mgao wake wa viroba vya mawe katika kila mawe yanayotoka, na yeye hakuwa na nia ya kuivunja. Angelipa mazao. Nyumba isingeguswa. Shida ni mwamba wenyewe.

"Mkanda wa dhahabu unaanzia kule kilimani," alisema, akionyesha kwa kidole, "unateremka hivi, unapita hapa. Hapa, mama." Kidole kikatua juu ya baba. "Nikichimba pembeni nitaupoteza. Nakuomba tumhamishe marehemu. Nitamjengea kule makaburi ya kijiji, kwa heshima, vigae, kila kitu. Dini zetu mbalimbali lakini maiti ni maiti, nitasimamia mwenyewe."

Mdogo wangu alikuwa ameshikilia magoti yake kwa mikono miwili.

"Mama, marehemu mwenyewe angekubali," alisema. "Unamjua baba. Angesema nihamisheni, watoto wasome."

"Baba angekubali?" nikaruka. "Baba aliyekuwa hataki hata sururu iegemee ukutani? Wewe ndiye uliyeanza kumbomoa, jiwe baada ya jiwe!"

"Moja, dada! Nilichukua moja!"

"Na domo lako likabeba mengine yote!"

Mwenyekiti akasema jamani, jamani. Nilikuwa nimeshasimama, nataka kuongea habari ya ridhaa na vifungu vyangu vyote nilivyovisoma kwenye simu, na nadhani nilianza, sikumbuki vizuri. Nakumbuka mama alisema "kaa," na mimi nikakaa.

Akamgeukia yule mzee.

"Baba, wewe una leseni, sibishani na wewe. Kilima kile chukua. Hii sehemu ya mahindi chukua, mgao wangu mpe huyu kijana wangu, ana watoto. Na hayo mawe ya kaburini kama ni ya Serikali, basi ya Serikali. Mimi niliyaosha tu. Beba. Ila mtu wangu umwache."

Kisha akamwambia mdogo wangu ayatoe mawe, ampakilie mzee kwenye gari.

Mdogo wangu alinyanyuka, akaenda hadi kaburini. Aliinama, akashika jiwe la kwanza upande wa kichwani. Akabaki ameinama hivyohivyo. Nilidhani jiwe ni zito, kisha nikaona mabega yanamcheza. Mtu aliyeweza kulichukua moja peke yake akiwa amejificha, alishindwa kulinyanyua jingine mbele ya mama yake aliyemruhusu. Nikamwonea huruma, wakati sikupanga kabisa kumwonea huruma siku ile.

"Mwache," yule mzee alisema. Aliivua kofia, akaikung'uta vumbi kwenye goti, akaivaa tena. "Mawe hayo, mama, mimi sijayaona. Mwenyekiti, wewe umeona mawe?"

"Naona kaburi," alisema mwenyekiti.

"Basi. Litabaki. Nitauvizia mkanda upande wa pili, Mungu akipenda nitaupata, asipopenda basi. Mtaniambia tu nitenge kiasi gani, wachimbaji wangu wasije wakakosea."

Nilitarajia mama atafurahi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaanza kupumua. Lakini yeye aliinuka, akaenda kwenye bani, akarudi na ile kamba ya kufungia tumbaku. Akanikabidhi mimi.

"Wewe si fundi?" alisema. "Nipime."

"Nikupime nini, mama?"

"Urefu. Na upana. Usinibane, weka na nafasi, kama unavyowawekea wale wanene."

Nimepima watu tangu nikiwa msichana. Nimepima mabibi harusi, nimepima wanakwaya, nimepima askari, nimepima hata maiti ya mtoto mmoja aliyetakiwa kuvikwa gauni jeupe. Sijawahi kuona mikono yangu ikikosa pa kwenda. Nilimshikisha mama ncha ya kamba kwenye kisigino, nikaivuta kupita mgongoni, kwenye ule mgongo ulionibeba, hadi utosini. Alikuwa amefupika. Simu hazikuambii, hata macho hayakuambii, kwamba mama yako amefupika. Nikafunga fundo. Nikapima mabega, nikafunga fundo. Alikuwa amesimama wima, kidevu juu, ameshusha pumzi kama wateja wanavyofanya wakiambiwa wasijikaze. Alinukia moshi na sabuni ya mche. Nilitaka kuitupa ile kamba nimkumbatie, lakini niliogopa nikimshika nitalia, na nikilia mdogo wangu atalia, na mambo yatakuwa matanga kabla ya msiba.

Tukaenda kaburini na ile kamba, tukaitandaza chini ubavuni kwa baba, upande wa kushoto, alioutaka yeye. Mwenyekiti akapigilia vijiti. Yule mzee aliongeza mwenyewe nafasi pande zote, zaidi ya tuliyoomba, akapaangalia, akaongeza tena kidogo.

Wiki ile ile tulikwenda wote ofisi ya madini kupeleka makubaliano. Mama alivaa kitenge cha sanduku, kile kilichokaa na hati. Njia nzima alikuwa akitazama machimbo ya watu wengine yakipita dirishani, yale mashimo yenye vijumba vya nyasi juu yake. Mimi nilikuwa sina amani bado. Nilikuwa nawaza kwamba binti atakuta kasoro, atasema mchoro haukubaliki, atasema nafasi ni kubwa mno, kuna kanuni mpya. Nilikuwa nimeshatunga maneno ya kumjibu kwa kila moja.

Alikuwa ni yule yule. Alitukumbuka, akauliza kama leo tumemletea mbuzi. Akasoma makubaliano, akamwuliza mama kama amelazimishwa na mtu yeyote, mama akasema hapana. Akamwuliza kama ameelewa kwamba dhahabu si yake, mama akasema hilo alilielewa tangu mwanzo, ni watoto waliochelewa. Kisha akafunua mchoro wa eneo lililotengwa, akashika kalamu.

"Hapa panatakiwa kuelezwa pana nini."

"Makaburi," alisema mwenyekiti.

"Mangapi?"

"Moja," alisema mdogo wangu.

"Mawili," alisema mama.

Binti alisubiri. Mdogo wangu aligeuka kumtazama mama. Yule mzee wa Mbeya alikuwa ameinamisha kichwa, anachezea tasbihi yake. Mama alikaa wima kwenye kiti, mkoba mapajani, mzima wa afya, anamtazama yule binti usoni bila kupepesa, kama mtu aliyeulizwa swali jepesi akalijibu.

Mwisho binti alinitazama mimi. Nadhani alikuwa anatafuta mtu mzima mmoja mle ndani wa kumwambia ukweli. Nilimwambia aandike mawili.